Mwaka wa Kaseti ya Vijiwe

Habari ya kifo cha Deo ilinifikia dukani kwangu Lodwar, nikiwa na pini mdomoni. Mwanamke wa Kirundi anayeniletea vitenge kutoka Kalobeyei, makazi ya wakimbizi jirani na Kakuma, alikuwa akifungua mzigo wake juu ya meza yangu ya kukatia, akasema, kama mtu anayeeleza kwa nini amechelewa, kwamba jirani yao amefariki, yule mzee Mkongo fundi wa redio, na kwamba hajazikwa, watu bado wamekaa matanga. Nilitoa pini moja moja. Nikamuuliza jina, ingawa nilishalijua. Nilimaliza kupiga pasi sare za shule zilizokuwa zimeahidiwa, nikafunga duka, na kesho yake nikapanda gari la Kakuma.

Siku hizi barabara ile ni lami tupu na safari ni ya asubuhi moja, kwa hiyo mtu wa Lodwar hawezi kusema Kakuma ni mbali. Mimi nilisema. Kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano nilikataa harusi, mazishi na kazi za kushona ambazo zingenipeleka huko, kila mara kwa sababu nyingine: mguu, mteja, mafuriko ya laga, mto wetu wa msimu. Sababu yenyewe sikumwambia mtu, si mume wangu, si padre. Niliamini kwamba katika mwaka mmoja wa ujana wangu nilimnyima Deo safari yake ya kutoka kambini, na kwamba kila mwaka alioishi baada ya hapo katika vumbi lile ulikuwa juu ya kichwa changu. Basi nilikuwa garini nikienda kumlilia mtu niliyeamini kwamba nilimwibia maisha. Wenzangu walizungumza habari za bei ya mbuzi. Mimi nilitazama miiba ya pembeni na kutafuta maneno ya kumwambia mjane wake, na kila niliyoyapata niliyaona mazuri mno.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa na darasa la nane. Mvua zilikuwa zimekosa mara mbili, nikapata kazi ya kupika katika hoteli ya mabati kandokando ya kambi. Tulipika maharage, chapati na chai ya maziwa ya ngamia. Nililala katika chumba cha nyuma ambacho ukuta wake mmoja ulikuwa pia ukuta wa Deo, bati moja tu, lenye matundu ya misumari ya zamani. Kupitia matundu yale nilimjua kabla sijamwona sawasawa. Nilisikia redio zikikohoa akizifungua, nikamsikia akizikaripia kwa Kiswahili cha kwao Bukavu: "We nawe, miko nakufunga kamba vizuri, uko unatapika bintu yote." Nilidhani ana mtu ndani. Siku ya tatu nilimpelekea maharage yaliyobaki, nikamkuta peke yake na redio yenye kava la ngozi, amekaa juu ya debe la mafuta. Tangu siku hiyo kila adhuhuri bakuli lilikwenda kwake na maharage na likarudi na sombe, kisamvu cha kwao, au na ndagala wawili watatu juu ya bukari, ugali wao, uliopoa. Hatukupatana jambo hilo. Bakuli tu lilizoea njia.

Mashine ilikuja kwa sababu ya redio. Mjapani mmoja aliyekuwa fundi wa pampu za maji alimaliza kazi yake akarudi kwao, na kwa kuwa Deo alikuwa amemtengenezea redio yake mara nyingi, alimwachia sanduku la mashine ya gemu, ya plastiki nyeupe na nyekundu iliyogeuka njano, pamoja na kaseti tatu. Deo alikata nyaya, akaunganisha nyingine, akaipa nguvu ya betri ya gari, akaikutanisha na tivii ndogo isiyo na rangi. Kwa majuma machache chumba chake kilijaa vijana. Kaseti moja ilikuwa ya magari, nyingine ya ndege za vita. Ile ya magari ikaibwa, ya ndege vumbi likaila, na vijana wakahamia kwenye kibanda cha video upande wa pili wa barabara. Ikabaki kaseti ya tatu, ambayo hakuna aliyekuwa ameitaka. Ukiichomeka unapata wavu wa mistari tisa kwa tisa, na maandishi ya Kijapani ambayo hakuna wa kuyasoma kambi nzima. Ukibonyeza, kijiwe cheusi kinakaa pale mistari inapokutana. Mashine nayo inaweka cheupe. Basi. Tivii isiyo na rangi haikuupunguzia kitu mchezo ule.

Mchezo una jina lake kwao, na nimeambiwa ni wa kale sana, watu huucheza kwa vijiwe halisi juu ya ubao. Sisi hatukujua. Tuliujifunza kama unavyojifunza desturi za wageni, kwa kuwatazama wakikushinda. Tuligundua kwamba kijiwe kikizungukwa pande zote kinatoweka. Hilo lilinitosha. Nimezaliwa katika watu wanaochunga, nikaviona vijiwe vyangu kuwa mbuzi, na mbuzi wako akizungukwa unamfuata. Kila mara mashine ilipobana kijiwe changu kimoja nilikwenda kukiokoa, nikaongeza cha pili kukisaidia cha kwanza, na cha tatu kuwasaidia hao wawili, mpaka wakafika tisa na wote wakafia kona moja, huku mashine ikijenga kwa raha upande wote uliobaki. Deo alikuwa akinitazama huku anatafuna.

"Dada Akiru," alisema, "ile imeshakufa. Iache."

"Haijafa. Iko hapo naiona."

"Uko unaona pembe tu. Mbuzi yenyewe imeshaliwa."

Nilikasirika siku ile. Nilimwambia mtu wa mjini hawezi kujua maana ya kumwacha mnyama. Baadaye, akiwa amenipa mgongo anatafuta bisibisi, alisema kwamba alimwacha mama yake njiani walipokimbia, usiku, watu waliposukumana, akadhani yuko nyuma yake. Alisema hayo mara moja tu mwaka mzima. Sikumwomba radhi. Sikujua namna, nikachukua bakuli nikaenda kuosha.

Vijana walipoondoka, wazee wakaja. Wa kwanza alikuwa Apa Ekeno, mzee wa kwetu aliyeleta ngozi za kuuza na akaingia kutafuta kivuli. Aliweka kigoda chake chini, akakaa, akaitazama tivii kimya mpaka chai yake ikapoa. Wazee wetu hucheza ngikiles, mchezo wa mashimo na vijiwe, wanaucheza siku kutwa chini ya miti ya laga, na jicho lake lilikuwa kali kuliko letu. Hakutaka kushika kidude cha kuchezea. Alitoa amri kwa fimbo. Kile kidude cha pili kilikuwa na vitundu vidogo kama mdomo wa redio, na Deo alipomwambia kwamba mashine inasikia kupitia hapo, mzee akainama akaisalimu kwa heshima, "Ejok," akangoja. Mashine haikuitikia. Akatuambia haina adabu, na kwamba tangu sasa tusiionee huruma.

Tulikuwa na kosa moja kubwa, sote, na lilichukua miezi. Katika ngikiles anayekula vijiwe vingi ndiye mshindi, kwa hiyo tulihesabu tulivyokula. Ilikuwa kawaida yetu kula vijiwe vingi kuliko mashine, na bado mwishoni iliandika tarakimu zake na kupiga muziki wa furaha upande wake. Tuliamini inadanganya. Wazee waliitukana. Mmoja alisema haya ndiyo tuliyoyazoea ofisini, unaleta mbuzi kumi unaandikiwa sita. Deo alifungua mashine mara mbili akitafuta ubovu. Ni Apa Ekeno aliyeliona, siku moja ya joto ambalo hata nzi walikaa ukutani. Aliiacha mashine imalize kuhesabu, akaomba tucheze mchezo mwingine, akaitazama tena inavyohesabu, kisha akagusa kioo kwa ncha ya fimbo, pale palipokuwa patupu.

"Hii kitu haihesabu mbuzi," alisema. "Inahesabu majani."

Alitueleza polepole, kama watoto, kwamba vijiwe si mifugo, ni wachungaji. Mali ni malisho, mahali patupu ulipozungushia watu wako. Wewe unakimbilia mchungaji mmoja aliyepotea, mwenzako anachukua nchi. Halafu akatufundisha jambo jingine alilokuwa ameliona, kwamba kundi lenye visima viwili ndani yake haliwezi kuuawa, kwa sababu adui hawezi kuziba vyote kwa pamoja, na akiziba kimoja kile kingine kinakunywesha. Jioni ile tuliishinda mashine kwa mara ya kwanza. Apa Ekeno aliomba sukari zaidi kwenye chai, akasema mtu wa Japani lazima amewahi kuchunga, hata kama anaficha.

Baada ya hapo mimi na Deo tuliacha kucheza na mashine, tukacheza sisi kwa sisi. Waya za vidude vile ni fupi mno, kwa hiyo ilibidi tukae bega kwa bega. Watu walisema walichosema. Nasema kweli kwamba hapakuwa na kitu. Nilipenda mchezo. Nilipenda kuwa mahali ambapo mtu ananingoja nifikiri. Hotelini niliambiwa haraka siku nzima, na huko nyumbani hakuna aliyewahi kunyamaza ili msichana wa darasa la nane aamue. Deo alingoja. Angeweza kutengeneza redio nzima akingoja kijiwe changu. Halafu alinishinda. Alinishinda kila mara, miezi yote ile.

Sasa nifike kwenye ubao. Kila mtu kambini alikuwa na faili mahali fulani, na majina ya walioitwa kuhojiwa kwa ajili ya safari ya ng'ambo yalibandikwa kwenye ubao uliokuwa na wavu wa chuma mbele yake. Jina, namba, siku ya kufika. Ukikosa siku yako, watu walisema, faili linarudi chini ya mengine yote na hutalisikia tena. Deo alikuwa na faili. Lakini hakupenda kusimama pale. Alisema hawezi kuwatazama wenzake wakipitisha vidole kwenye karatasi. Mimi nilipita hapo kila asubuhi nikienda kuchota maji, akaniomba nimtazamie. Kila adhuhuri, nikileta bakuli, aliuliza, "Ubao?" na mimi nilisema, "Ubao umelala." Ilikuwa kama salamu yetu.

Jumanne moja ubao ulikuwa umeamka. Jina lake lilikuwa la nne kutoka chini, siku ya kufika Alhamisi. Nililisoma mara tatu nikiwa na mtungi kichwani. Nakumbuka nilifurahi, na furaha ile ilikuwa ya kweli, ikanichukua mpaka karibu na mlango wa hoteli. Halafu nikaona chumba chake bila yeye, nikaona bati na matundu yake, upande wa pili kimya. Nikajiambia nitamwambia adhuhuri. Adhuhuri nilipeleka bakuli na tulikuwa tumeahidiana mchezo, nikajiambia nitamwambia tukimaliza. Tukacheza. Siku ile nilimshinda. Nilimwachia kona nzima, vijiwe vinne vyangu vikafa nami sikwenda kuvifuata, nikachukua katikati yote, na mashine ikapiga muziki wake upande wangu. Apa Ekeno alipiga fimbo chini mara moja. Na mimi, nikiwa nimejaa ushindi ule, nilichukua bakuli nikaondoka bila kusema. Jumatano nilisema naumwa kichwa, nikamtuma mtu mwingine na chakula. Alhamisi ikapita. Ijumaa karatasi mpya ilikuwa juu ya ile ya zamani.

Watu wakisahau jambo husema wamesahau. Mimi sikusahau. Nilikaa Kakuma miezi mitatu zaidi nikicheza vibaya, kisha nikamwambia mwenye hoteli kwamba nimeitwa nyumbani. Deo alinipa redio ndogo ya zawadi. Niliipokea kwa mikono miwili na sikuweza kumtazama. Nimefikiri juu ya siku ile nikiwa mchumba, nikiwa mama, nikipima viuno vya watoto wa watu, na kila nilipofikiri sikupata sababu nzuri zaidi ya ile: sikutaka mchezo uishe. Kama ningekuwa nampenda, labda ingekuwa rahisi kusamehewa.

Nyumba yake Kalobeyei ilikuwa ya matofali, yenye miche ya mapapai mbele na mikebe ya redio kuukuu iliyopandwa mchicha. Ndani wanawake walikaa juu ya mikeka, nje wanaume walikuwa wanabishana kwa sauti ya chini kama hema la kanisa litatosha. Nilisalimu, nikaketi, nikapewa sahani ya sombe na samaki nisiyoweza kuimeza. Mama Neema, mjane wake, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nyembamba, na sikuwahi kumwona maishani, kwa kuwa Deo alimwoa miaka kadhaa baada ya mimi kuondoka. Nilitaja jina langu. Akasema, "Akiru wa vijiwe." Kisha akawaomba wenzake watupishe chumba cha ndani kidogo, akakaa kitandani, akanikalisha kando yake.

Sikutumia maneno niliyoyatafuta garini. Nilimwambia kwamba jina la mumewe lilitoka, kwamba nililiona, kwamba sikumwambia, na kwamba sababu ilikuwa mchezo. Nilimwambia sijaja kuomba anisamehe, nimekuja asizike mtu bila kujua nani alimweka hapa. Kupitia pazia tulisikia mtoto akiomba maji na mtu akimwambia anyamaze.

"Yaya," alisema Mama Neema, akiniita dada kwa lugha yao, "Deo aliliona jina lake kabla yako."

Nilidhani ananiliwaza. Akatikisa kichwa. Jumatatu ile jioni, alisema, Deo aliitwa kutengeneza redio ya mlinzi wa ofisi, akawa amekaa pale pale karatasi ilipokuwa inabandikwa. Alilisoma jina lake likiwa bado halijafungiwa wavu. Hakulala. Asubuhi alikwenda ofisini akawaambia kwamba hatasafiri bila mama yake, kwamba kama mama yu hai atamtafuta kwa kufuata habari za fundi wa redio wa Bukavu, na habari hizo zinafika Kakuma, hazifiki ng'ambo. Wakamwambia anajiharibia. Akaweka dole gumba kwenye karatasi yao akarudi kwenye kibanda chake. Ndipo nilipokuja mimi na bakuli.

Ndipo nikakumbuka kitu ambacho kwa miaka yote sikuwahi kukitazama, kwa kuwa nilikuwa nikijitazama mwenyewe tu: adhuhuri ile hakuniuliza habari za ubao. Hakuuliza siku ile, wala siku nyingine yoyote baada ya hapo.

"Alijua nimeona?"

"Alijua. Alisema uliingia ukiwa na uso wa mtu aliyemeza jiwe. Alikuwa anaogopa utasema. Ungesema, angelazimika kueleza, na alikuwa hawezi kutaja mama yake bila kulia mbele ya wale wazee. Aliniambia: siku ile yule dada alinisaidia kunyamaza."

"Mimi sikunyamaza kwa ajili yake, Mama Neema."

"Najua. Umeshaniambia." Aliushika mkono wangu akaupiga piga kidogo. "Ulificha, hiyo ni yako, ipeleke kwa Mungu wako. Lakini kutoenda ni kwake. Usimnyang'anye."

Mama yake alifika mwaka uliofuata, kwa lori, akiuliza kibanda kwa kibanda mtu anayekaripia redio. Aliishi na Deo miaka tisa, akawalea watoto wao watatu, akazikwa Kakuma. Baadaye Deo aliitwa tena na safari ikakwama kwa mambo ya karatasi. Alilalamika, alikuwa na siku zake mbaya, alichukia joto mpaka mwisho. Mama Neema hakunificha hilo. Hakunipa mume mtakatifu. Alinipa mtu aliyeamua jambo moja akiwa na akili zake timamu na akaishi nalo. Nilimuuliza kwa nini Deo hakuniambia, hata kwa barua. Akasema Deo alidhani nami nilishasikia kwamba alikataa safari, na nilipoacha kuja alidhani nimeolewa na mtu mwenye wivu.

Kisha nikafikiri juu ya ule mchezo. Mtu hajalala usiku kucha, asubuhi amekataa ng'ambo, adhuhuri anakaa kucheza vijiwe. Nikamwambia Mama Neema kwamba basi hata ushindi wangu haukuwa ushindi, nilimfunga mtu ambaye hakuwepo. Alinitazama, midomo ikamchezacheza, akaweka ncha ya kitenge mdomoni asisikike nje. Mimi nilicheka pia, kwa kuona haya, kichwa chini, na kicheko kikageuka kilio bila kunipa nafasi ya kukizuia, cha kwanza tangu nilipotoa pini mdomoni. Tulilia pamoja kwa ajili ya mtu mmoja. Mpaka saa ile nilikuwa sijamlilia Deo hata mara moja, nilikuwa nikijililia mimi.

Aliponyamaza aliniuliza, pasipo ukali, kwa nini miaka yote hiyo sikuja, Lodwar ni hapo tu. Nikamwambia niliogopa. Akasema hilo ndilo lililomkera yeye, kwamba chai nyingi hatukuzinywa pamoja, na kwamba nisiondoke asubuhi.

Sikuondoka. Nilirudi mkekani nikaomba sahani yangu, nikala sombe lote na samaki, nikaongezwa. Kesho yake nilishona mapazia meusi ya hema kwa cherehani ya jirani, tukamzika Deo, nikakaa siku nne nikiosha masufuria na wanawake ambao hawakujua mimi ni nani zaidi ya kuwa mtu wa zamani wa marehemu. Siku ya tatu, baada ya chakula, nilijilaza kando ya ukuta kwa dakika moja. Watoto walikuwa wakikimbizana, mtu alikuwa akiimba nje, mabati yalikuwa yakilia kwa joto. Waliniamsha jioni. Mama Neema aliniambia nilikoroma, watu wakaniruka kwenda na kurudi, na alikuwa amewakataza wasiniguse.